Yakisoba pan nyumbani: mkate wa Kijapani wenye tambi ndani, hatua kwa hatua

Haya wapendwa, nyie mnaoulizia ule mkate wa tambi wa Kijapani, leo tunaupika wote mwanzo mwisho. Kwa asiyeujua, yakisoba pan ni mkate mrefu laini unaopasuliwa kwa juu, ndani unajazwa tambi za kukaanga zenye sosi nzito, halafu juu kunawekwa tangawizi nyekundu. Najua mtasema ni wanga juu ya wanga, ndiyo, na ndo utamu wake huo. Japani unaukuta kila konbini, yale maduka madogo yasiyofungwa usiku, na kwenye viduka vya shule za sekondari wanafunzi wanaukimbilia kengele ya mchana ikilia tu. Wenyewe wanasimulia kuwa ulianzia duka la Nozawa-ya, Arakawa kule Tokyo, miaka ya 1950, duka lilikuwa linauza mikate na tambi kila kimoja kivyake mteja akaomba avichanganyiwe.

Mimi naupika kwa oda, na kitu ninachotaka ukishike kuliko vyote ni kimoja: tambi ziwe KAVU. Sosi iwe imeshanywewa yote, maana tambi zenye majimaji zinalowesha mkate na baada ya nusu saa unakuwa umeshika uji.

Hatua ya 1: mkate

Wajapani wanatumia koppepan, mkate ule ule waliokuwa wanapewa watoto mashuleni baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kama karibu na kwako wanauza skonzi ndefu za hotidogi nunua, hakuna dhambi, ila chagua zisizo na sukari nyingi. Ukitaka kuoka mwenyewe, kwa mikate 6 chukua unga wa ngano gramu 300, sukari vijiko vikubwa 2, chumvi kijiko cha chai 1, hamira ya chenga kijiko cha chai kimoja na kidogo, maziwa vuguvugu mililita 200, na siagi gramu 30 unayoitia mwishoni donge likishashikana. Kanda mpaka liwe nyororo, kama dakika 10 hivi, funika liumuke hadi liwe mara mbili, gawa sita, sukuma kila kipande kiwe bapa kisha kivingirishe kiwe kirefu kama kiganja, acha viumuke tena, oka nyuzi 190 kwa dakika 12 mpaka 14. Vikitoka tu pakaza siagi juu na ufunike na kitambaa ili ganda libaki laini.

Hatua ya 2: tambi

Hapa usije ukanunua soba, zile tambi nyingine za Kijapani za kijivu za unga wa buckwheat, siyo zenyewe. Yakisoba ni tambi za ngano za njano, na njano ile pamoja na ule mvutiko wake vinatokana na kansui, ambayo kwa lugha yetu ya jikoni ni maji ya magadi. Kwa mikate 6 unahitaji kama gramu 450 za tambi zilizokwisha iva. Ukikosa za Kijapani chukua spageti nyembamba gramu 200, zichemshe kwenye maji lita 2 yenye kijiko kikubwa 1 cha baking soda, zinabadilika kabisa aisee, zinakuwa na rangi na mvutiko wa ramen, zile tambi za supu za Kijapani, ila tumia sufuria kubwa maana povu linapanda ghafla likamwagika jikoni. Indomie nazo zinakubali, kile kipakti cha viungo weka pembeni, chemsha dakika 2 basi. Zozote ulizotumia zisuuze, zichuje vizuri sana, zipake mafuta kidogo na uzikate na mkasi mara mbili tatu. Usiruke huo mkasi, tambi ndefu mtu aking'ata mara moja anazivuta zote anabaki na mkate mtupu.

Hatua ya 3: kukaanga

Sosi kwanza, changanya kwenye bakuli: sosi ya Worcestershire vijiko vikubwa 3, oyster sosi 1, tomato sosi 1, soya sosi 1, sukari nusu kijiko cha chai. Nyama kwa asili ni ya nguruwe iliyokatwa nyembamba, kuku anafaa pia kwa wasiokula. Kaanga nyama mpaka iive, tia kitunguu, karoti na kabichi zilizokatwa ndogo ndogo (kabichi isizidi, ina maji), zikilegea kidogo toa zote weka pembeni. Sasa pasha kikaango kiwe cha moto haswa, mafuta kidogo, mwaga tambi, zitandaze halafu USIZIGUSE kwa dakika 2. Utasikia zinachachatika na upande wa chini utashika rangi ya kahawia, hapo ndo ladha ilipo. Zigeuze, rudisha nyama na mboga, mwagia sosi pembezoni mwa kikaango ili iungue kidogo kabla ya kufika kwenye tambi, koroga mpaka ukisogeza tambi chini pamekauka hakuna hata tone. Onja, iwe kali kidogo kuliko unavyotaka, mkate utaipunguza.

Ziache zipoe ziwe vuguvugu. Ukijaza za moto mvuke unalowesha mkate.

Hatua ya 4: kujaza

Pasua mkate kwa juu usifike chini, pakaza siagi ndani pande zote mbili, siagi inazuia unyevu. Jaza tambi mpaka zivimbe kwa juu, chora mstari wa mayonezi, weka tangawizi nyekundu. Japani hiyo wanaiita beni shoga, inalowekwa kwenye siki ya plamu. Nyumbani kata tangawizi changa nyembamba kama njiti, chemsha dakika 1, chuja, loweka kwenye siki yenye chumvi na maji kidogo ya bitiruti usiku kucha. Usiiache kabisa, ule ukali ndo unaokata mafuta. Juu wananyunyiza aonori, mwani wa kijani uliosagwa, ukikosa acha tu, mwani wa Zanzibar ni aina nyingine hautakupa harufu ile.

Funga kila mmoja na plastiki ya jikoni kwa kuubana kidogo, dakika 10 zinatosha tambi na mkate kushikana. Uliwe siku hiyo hiyo, na usikae nje zaidi ya masaa mawili, kama kuna joto kali saa moja tu, kwa sababu ya nyama na mayonezi. Friji inazikausha tambi zinakuwa ngumu, kwa hiyo ukipata oda ya asubuhi oka mikate usiku, tambi kaanga alfajiri.