Maumivu baada ya kiharusi: namna ya kumsaidia mgonjwa wako nyumbani

Mgonjwa wa kiharusi akikataa mazoezi, msimwite mkaidi kabla ya kumuuliza panauma wapi. Namuuguza baba yangu hapa Tukuyu, na nimeona maumivu yakimnyang'anya hata vile ambavyo kupooza kulimwachia: usingizi, hamu ya kula, kukaa barazani na wazee wenzake. Asiyelala usiku hana nguvu ya kunyoosha mguu asubuhi. Asiyenyoosha hukakamaa, na kukakamaa nako kunauma.

Anza na bega la upande uliopooza. Misuli ikilegea, uzito wa mkono wenyewe unakivuta kiungo. Kwa hiyo usimnyanyue kwa kumshika makwapani, wala usimvute mkono unapomgeuza kitandani. Akikaa, mkono ulale juu ya mto, usining'inie. Akilalia upande mzima, weka mto mbele yake mkono uliopooza uuegemee. Sweta, ambalo Juni na Julai huku kwetu halivuliwi, livalishwe kuanzia mkono uliopooza. Kulivua, anza na mkono mzima.

Na wageni! Kila anayekuja kumpa pole anaushika mkono uleule mgonjwa na kuutikisa kwa huruma. Mimi hukaa upande huo na kusema mapema, "Shikamoo baba mkubwa, mpe mkono wa kushoto, huu wa kulia unamuuma." Wazee wengine huona vibaya kusalimiana kwa kushoto, lakini ukiwaeleza wanakubali.

Kuna maumivu mengine yasiyo na kidonda wala uvimbe. Mgonjwa anasema upande ule unawaka moto, unachomwa sindano, au una ubaridi unaouma. Shuka likimgusa tu anashtuka. Hadeki. Ubongo uliojeruhiwa ndio unaopotosha habari za mwili, na hali hii huweza kuanza wiki au miezi baada ya kiharusi. Baridi huizidisha mara nyingi. Hapa panado haifui dafu. Daktari huweza kuandika dawa kama amitriptilini au gabapentini, akianza na dozi ndogo. Usijinunulie dukani. Diklofenaki naitaja kwa jina kwa kuwa kila mtu anaikimbilia: inaweza kupandisha presha na kuongeza hatari ya kiharusi kingine.

Mpashe joto kwa blanketi na soksi. Maji ya moto yapime wewe kwanza, maana upande uliopooza unaweza kuungua bila yeye kuhisi. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani hata kama halitoi moshi. Hewa yake inaua.

Aliyepoteza usemi muulize kwa mikono: gusa polepole bega, kiwiko, nyonga, huku ukimtazama usoni. Andika kwenye daftari ni wapi panauma, saa ngapi, na alikuwa anafanya nini. Daftari hilo nenda nalo kliniki, na uombe kuonana na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, si daktari peke yake. Ukimwona mzee amenyamaza siku nzima na hataki watu, liseme na hilo: huzuni baada ya kiharusi ina tiba yake.

Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Mdomo ukienda upande, maneno yakivurugika au ganzi mpya ikimshika, usingoje hata maumivu; tafuta gari saa hiyohiyo.