Kabla hujaanza fiziotherapia ya goti

Kabla goti halijaguswa, utaulizwa historia yake, kwa hiyo iandike kwenye karatasi ukiwa nyumbani: liliumia lini, ulikuwa unafanya nini, na lilivimba baada ya muda gani. Hilo la kuvimba watu hulipuuza. Goti lililojaa ndani ya saa mbili mara nyingi limevujia damu ndani, na mtaalamu atahofia kano iliyochanika au mfupa uliovunjika. Likijaa polepole hadi kesho yake, shaka huhamia kwenye meniski, gegedu iliyo kati ya paja na muundi. Taja pia kama goti hukwama, au hulegea ghafla ukigeuka.

Si kila goti lianzie kwenye mazoezi. Ukishindwa kupiga hata hatua nne, goti likiwaka moto huku una homa, au kigimbi kikivimba na kuuma, nenda hospitali siku hiyohiyo: Mawenzi au KCMC kwa wa Moshi, Mount Meru kwa wa Arusha.

Kinachoharibu zaidi ni kukandwa. Maji ya moto na mikono yenye nguvu juu ya goti lililoumia jana huongeza damu na uvimbe. Siku mbili tatu za mwanzo funga barafu kwenye kitambaa, weka dakika 15, toa, inua mguu juu ya mto. Joto lina wakati wake, hasa kwa goti la mtu mzima linalokakamaa asubuhi.

Siku ya kwenda vaa bukta, au beba kanga ya kujifunika. Chukua picha za eksirei, barua ya rufaa, kadi ya bima, majina ya dawa unazotumia na viatu unavyovaa kila siku. Kama umemeza dawa ya maumivu, sema saa ngapi, maana goti lililotulizwa huficha panapouma.

Eleza na mazingira yako: choo cha kuchuchumaa, ngazi, mteremko. Anayeishi Kibosho au Marangu na kushuka na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani huumia zaidi akishuka kuliko akipanda, kwa sababu misuli ya mbele ya paja ndiyo breki, na kila inapokaza hukandamiza kifuniko cha goti. Wapagazi ndio wanaolijua hili: kutoka Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, hadi geti la Mweka ni mteremko wa zaidi ya mita 4,000. Goti lililopimwa kwenye sakafu tambarare tu halijawa tayari kurudi mlimani.

Pigia hesabu wiki 6 hadi 12 za kujenga misuli, nauli ikiwemo. Wengi humaliza fedha kwenye mashine za umeme na joto, kisha huacha mazoezi, wakati mazoezi ndiyo tiba yenyewe. Afadhali uende mara chache na ufanye ya nyumbani kila siku. La kwanza huwa rahisi: kunja taulo, liweke chini ya goti, kandamiza taulo kwa goti hilo sekunde 5, mara 10, awamu tatu kwa siku. Maumivu kidogo yanayoisha kufikia asubuhi hayana neno. Goti likiamka limevimba, punguza.

Fimbo ishikwe mkono wa upande wa mguu mzima. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, mbovu hutangulia kushuka.