Meno ya wanafunzi wa Goma na sanduku moja la vifaa

Kabla ya kubeba koleo la kung'olea, beba kioo kidogo na tochi, kwa sababu siku ya kwanza shuleni ni ya kutazama. Mtoto anapofikia miaka 6 hivi, gego la kwanza la kudumu huota nyuma ya meno yote ya utotoni bila kung'oa lolote, na wazazi wengi hulidhani kuwa jino litakalong'oka lenyewe. Gego hilo huoza mapema, nalo likitoka halioti tena. Kwa hiyo tenga muda mwingi zaidi kwa darasa la kwanza na la pili.

Kuziba tundu lisilofika kwenye kiini cha jino, penye mishipa, hakuhitaji umeme. Kwa mbinu iliyoanzishwa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, uozo laini huondolewa kwa vifaa vya mkono, kisha tundu huzibwa kwa saruji ya glasi ionoma, ambayo hushikamana na jino na kuachia floraidi, madini yanayoimarisha meno. Pamba ya kukausha jino ikilowa mate, ibadilishe kabla ya kuziba, hata kama watoto 30 wanasubiri mlangoni. Saruji ikikosekana, dawa ya madini ya fedha na floraidi ya asilimia 38, iliyoingizwa mwaka 2021 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, husimamisha uozo lakini huugeuza kuwa mweusi, basi mzazi aonyeshwe picha kabla ya kukubali. Kwenye gego ni wachache watakaolalamika. Meno ya mbele ni habari nyingine.

Osha vifaa kwa sabuni na brashi, kisha uviweke katika chungu cha mvuke wenye shinikizo juu ya jiko la makala, nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi. Kuvitokosa katika sufuria ya kawaida hakutoshi.

Kuzunguka Nyiragongo, gesi ya volkano huongeza floraidi katika mvua na baadhi ya chemchemi, hata kupita kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Uliza maji ya nyumbani yatoka wapi: madoa ya kahawia yasiyo na tundu, yaliyofanana kulia na kushoto, huenda yametokana na floraidi hiyo iliyozidi, si uozo, nawe usiyachokonoe. Mswaki wa kila siku usimamiwe na mwalimu, dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya njegere, na mtoto ateme bila kusukutua, jambo linalookoa maji pia.

Mwenye uvimbe chini ya taya pamoja na homa, au asiyeweza kumeza, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.