Kiunganishi kipya cha maktaba ya C: anza na namba ya toleo
Unaandika kiunganishi cha lugha mpya, yaani msimbo unaoiwezesha lugha hiyo kuita fanksheni za C, ili uchangie kwenye maktaba ya C? Usirukie fanksheni kubwa. Ita kwanza ile inayorudisha namba ya toleo. Kwa SQLite, maktaba ya hifadhidata, ni `sqlite3_libversion_number()`: haipokei kitu, inarudisha namba kamili tu. Ukipata 3045001, yaani 3.45.1, ujue maktaba imepatikana, tena ndiyo uliyoikusudia, si ile kuukuu iliyojificha kwenye mfumo. Ila isikulevye, maana haigusi pointa (anwani ya kumbukumbu) hata moja. Nilipohamia `sqlite3_libversion()`, inayorudisha pointa ya maandishi, ctypes, moduli ya Python ya kuita fanksheni za C, ikanitupia linamba la ajabu: usipotaja `restype` (aina ya jibu), huchukulia kila jibu ni `int`, namba kamili. Weka `c_char_p`, aina ya maandishi ya C, itatulia.