Kufuma kroshia kwa patani ya lugha usiyoijua

Hivi karibuni nilikaa na dada mmoja aliyenunua patani, yaani maelekezo ya kufuma, ya sungura wa kroshia, imeandikwa yote kwa Kirusi. Alikuwa ameipitisha kwenye programu ya kutafsiri ukurasa baada ya ukurasa, na akabaki na karatasi zilizojaa "nguzo" na "vitanzi vya hewa". Siku tatu alikuwa hajafuma hata mzunguko mmoja. Tuliziweka karatasi zile kando, tukarudi kwenye patani yenyewe, na kabla hatujaachana kichwa cha sungura kilikuwa tayari. Naandika tulivyofanya, pamoja na kosa langu la zamani ambalo sitaki mwingine alirudie.

Hatua ya 1: Tafsiri maneno kumi na mawili tu

Patani ya kroshia haihitaji kutafsiriwa yote. Maneno yanayojirudia ni haya: cheni, mshono wa kuteleza, mfupi, nusu mrefu, mrefu, safu, mzunguko, ongeza, punguza, ruka, rudia, geuza. Patani nyingi zina jedwali la vifupisho mwanzoni au mwishoni. Anza hapo, uandike kila kifupisho kwenye daftari na mbele yake uandike *mkono unafanya nini*. Maana ya neno lenyewe haitakusaidia. Kijerumani huuita mshono mrefu kwa neno lenye maana ya "kijiti", na Kifaransa huuita *bride*, neno ambalo programu ikilidhania la Kiingereza itakuletea bibi harusi.

Mimi huitambua mishono kwa namna uzi unavyozungushwa kwenye sindano. Usipozungusha kabisa kabla ya kuchoma, huo ni mfupi. Ukizungusha mara moja kisha ukavuta kupita vitanzi vyote vitatu kwa mpigo, ni nusu mrefu. Ukizungusha mara moja ukavuta viwili, halafu viwili tena, ni mrefu. Ukizungusha mara mbili, ni mrefu zaidi.

Kwa mpangilio wa cheni, kuteleza, mfupi, nusu mrefu, mrefu, Wajerumani huandika Lm, Km, fM, hStb, Stb. Wafaransa huandika ml, mc, ms, db, na b au br. Warusi: ВП, СС, СБН, ПССН, ССН. Kwenye Kirusi angalia herufi zenyewe. СБН inaonekana kama "CBH" ya kwetu lakini ni herufi nyingine kabisa, na ukiiandika kwa kibodi ya kawaida kuitafuta mtandaoni huenda usipate kitu. Inakili kutoka kwenye faili lenyewe.

Hatua ya 2: Kama kuna mchoro, fuata mchoro

Nasema wazi: mchoro mmoja mzuri naupenda kuliko kurasa tano za maneno, hata ya lugha ninayoijua. Kiduara kirefu kama yai ni cheni. Alama ya kujumlisha au ya kuzidisha ni mfupi. T tupu ni nusu mrefu, T yenye kistari kimoja cha mshazari ni mrefu, yenye viwili ni mrefu zaidi. Alama mbili zilizoungana chini ni kuongeza, zilizoungana juu ni kupunguza. Vitabu vya Kijapani hutegemea michoro hii kiasi kwamba unaweza kumaliza kazi nzima bila kusoma sentensi hata moja. Mchoro wa duara husomwa kinyume cha saa. Mchoro wa safu, upande wa mbele husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na ukigeuza kazi husomwa kutoka kushoto kwenda kulia.

Jambo moja kuhusu Kijapani: cheni za kupandia, yaani zile unazofuma mwanzoni mwa safu ili kufikia kimo cha mishono yake, huhesabiwa kuwa mshono wa kwanza, isipokuwa kwenye safu ya mishono mifupi. Ukilisahau hili, ukingo utapanuka safu baada ya safu na hutajua kwa nini.

Hatua ya 3: Hakikisha "mfupi" wao ni mfupi wako

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipopoteza jioni nne na uzi wote wa mkoba.

Patani ilikuwa ya Kiingereza, lugha niliyodhani naielewa. Iliandika *dc* (kifupi cha *double crochet*) kila mahali. Nami nikafuma mishono mirefu, kama nilivyozoea kwenye patani za Marekani. Mkoba ukawa mrefu zaidi ya mara mbili, wenye matundu hata sarafu ingepenya, na uzi ukaisha kabla sijafuma mikono ya mkoba. Nilifumua, nikanunua sindano ndogo zaidi, nikafuma tena, nikafumua tena. Sindano haikuwa na kosa. Patani ilikuwa ya Uingereza, na kwa Waingereza *dc* ni mshono mfupi.

Majina yote yamesogea ngazi moja. Mfupi ni *sc* Marekani, *dc* Uingereza. Nusu mrefu ni *hdc* Marekani, *htr* Uingereza. Mrefu ni *dc* Marekani, *tr* Uingereza. Kwa hiyo *dc* na *tr* zipo pande zote mbili kwa maana tofauti, na patani nyingi hazisemi zimefuata upande gani.

Ukiona *sc* hata mara moja, patani ni ya Kimarekani, endelea. Ukiona *htr*, ni ya Kiingereza cha Uingereza. Neno *miss* badala ya *skip* kwa maana ya kuruka nalo huelekeza Uingereza, na *tension* badala ya *gauge* vilevile. Lakini usihukumu kwa mtunzi anakotoka wala kwa tahajia yake. Wako Waingereza wengi wanaoandika kwa majina ya Kimarekani ili wauze kwa watu wengi zaidi, na patani iliyotafsiriwa kutoka Kidenmaki au Kiholanzi inaweza kufuata upande wowote.

Dalili hizo zote zikikosekana, hesabu cheni za kupandia. Mshono mfupi hupandiwa cheni 1, mrefu hupandiwa 3, mrefu zaidi 4. Kwa hiyo "cheni 1, kisha *dc*" karibu hakika ni Uingereza. "Cheni 3, kisha *tr*" nayo ni Uingereza. "Cheni 4, kisha *tr*" ni Marekani. Kama hata hapo una shaka, tazama kipimo cha sentimita 10 kwa 10, yaani idadi ya mishono na safu ambayo patani inataja kwa kipande cha ukubwa huo. Mshono mfupi una kimo kinachokaribiana na upana wake, kwa hiyo idadi ya safu hukaribia idadi ya mishono. Mshono mrefu hutoa safu kama nusu ya idadi ya mishono. Kipimo hiki kimeniokoa mara nyingi kuliko dalili nyingine zote, kwa sababu namba hazibadiliki lugha ikibadilika.

Na usidhani mtego huu ni wa Kiingereza peke yake. Kwa Kipolandi *półsłupek*, ambalo neno kwa neno ni "nusu nguzo", ni mshono mfupi, si nusu mrefu. Kwa Kihispania, *medio punto* ya baadhi ya nchi za Amerika Kusini ni mfupi, wakati *medio punto alto* ni nusu mrefu. Kwa Kiholanzi *st* ni mshono mrefu, ila kwa Kiingereza *st* ni mshono wowote ule. Na kwa Kifaransa *db* ni nusu mrefu, ingawa jicho lililozoea Kiingereza huona "mara mbili". Kila lugha mpya, rudi kwenye cheni za kupandia na kipimo kabla hujakata uzi.

Hatua ya 4: Sindano na uzi

Tumia milimita tu. Sindano iliyoandikwa H ya Marekani ni milimita 5. 6/0 ya Japani ni 3.5. Namba za zamani za Uingereza hupungua sindano inavyonenepa, kwa mfano 8 ni milimita 4. Kwa uzi, linganisha mita kwa kila gramu 50, usifuate jina la unene.

Hatua ya 5: Andika upya kwa namba

Chukua daftari la miraba na penseli. Sipendi kufanya kazi hii kwenye simu, kwa sababu skrini huzimika mkono ukiwa na uzi, na huwezi kufuta kwa kifutio pale ulipokosea. Andika mzunguko mmoja kwa mstari mmoja, kwa vifupisho vyako mwenyewe.

Patani ya sungura ilisema mzunguko wa 2: 6ПР (12), wa 3: (СБН, ПР)×6 (18). Namba ya mwisho kwenye mabano ni jumla ya mishono. Hata asiyejua herufi moja ya Kirusi anaweza kukisia. Tulikuwa na mishono 6, imekuwa 12, basi ПР ni kuongeza, yaani mishono miwili mahali pa mmoja. Kisha mfupi mmoja na kuongeza mara moja ni mishono 3, mara 6 ni 18. Fanya hesabu hii kwa *kila* mstari kabla ya kufuma. Jumla isipolingana, umeelewa neno vibaya au patani ina kosa la uchapaji. Makosa hayo yapo, hata kwenye patani za kulipia.

Hatua ya 6: Kipande cha majaribio

Fuma sentimita 12 kwa 12, upime 10 za katikati, ulinganishe na kipimo cha patani.

Hatua ya 7: Sentensi za mwisho

Maelezo ya kuunganisha vipande ndiyo pekee ninayoipa programu ya kutafsiri, sentensi moja moja, kwa sababu hapo ni maneno ya kawaida: shona, jaza pamba, kata uzi. Kabla ya kuipa, badilisha kila kifupisho kwa mkono kiwe neno kamili. Mahali pa viungo hutajwa kwa namba za mizunguko. Masikio ya sungura yalitakiwa kati ya mzunguko wa 3 na wa 7, ukihesabu kutoka utosini ulikoanzia. Tulichoma pini nne, tukalinganisha na picha, dada akashona.