Kukagua "jenereta isiyokula mafuta" kabla hujatoa pesa

Shemeji aliniita Morogoro nimkagulie mtambo aliotaka kuuwekea pesa za mahindi. Mota inazungusha oltaneta, na mwenye mtambo anadai inakula wati 520 na kutoa 644. Tulipima upya, namba zikatoka zilezile. Nilikesha hadi alfajiri kulijua kosa.

Hatua ya 1: Chora waya zote
Kila unaoingia na unaotoka. Ukiona betri, iondoe, maana inaweza kuwa ndiyo inayotoa ziada. Betri ya volti 12, ampea-saa (Ah) 100, ina karibu wati-saa 1,200, na ziada ya wati 124 kwa nusu saa ni wati-saa 62 tu. Betri hata haitahisi.

Hatua ya 2: Badilishana mita
Mita ya kuingia iende kutoka, ya kutoka ije kuingia. Tofauti ikihama pamoja na mita, umemshika mwizi.

Hatua ya 3: Hakikisha pande zote mbili unapima wati
Hapa ndipo nilipokesha. Upande wa kuingia kulikuwa na mita ya wati ya kuchomeka kwenye soketi, na mwenyewe hakutaka iguswe. Upande wa kutoka alipima kwa multimita (ya volti) na klampu mita (inayobana waya na kusoma ampea): volti 230 mara ampea 2.8, sawa na 644. Mimi nikabadilisha klampu yake kwa yangu, ikasoma 2.8 vilevile, nikaamini. Kumbe hizo 644 ni volti-ampea, si wati. Mzigo ulikuwa pampu ya maji, na kwenye mota mkondo huchelewa nyuma ya volti, sehemu yake ikawa inakwenda na kurudi bila kufanya kazi. Alfajiri, mwenyewe akiwa amesinzia, nilihamisha ile mita ya wati kwenda upande wa kutoka. Ikasoma 322. Pawafakta 0.5, yaani nusu tu ya zile volti-ampea ndiyo wati za kweli.

Huna mita ya wati? Toa pampu, weka balbu za zamani za uzi (za LED hapana). Hapo volti mara ampea ndiyo wati.

Klampu ibane waya mmoja; ukibana zote mbili itasoma sifuri, na nimeona fundi mzima akishangilia hiyo sifuri. Isipoandikwa "True RMS" (yaani inapima sawasawa hata wimbi lisilo laini), usiiamini penye chaja au inveta: wimbi likiwa na miiba, mara nyingi husoma pungufu. Ikikaa upande wa kuingia, mtambo unapewa sifa ya bure.

Hatua ya 4: Kama mtambo unatoa joto
Usikubali hesabu ya mvuke. Majaribio ya E-Cat, mtambo ambao Mwitaliano Andrea Rossi alidai unatoa joto zaidi ya umeme unaokula, kule Bologna, Italia, mwaka 2011 yalizua ubishi huohuo: je, maji yote yaligeuka mvuke? Kilo 1 ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 inataka kilojuli 335. Kuigeuza yote mvuke, nyingine 2,257. Yakitoka maji ya moto ukayahesabu mvuke, joto linaongezeka karibu mara 8 kwenye karatasi. Elekeza bomba kwenye ndoo ya maji baridi, pima uzito na nyuzi. Ndoo haina ujanja.

Hatua ya 5: Mtambo ujilishe wenyewe
Kama kweli unatoa zaidi ya unavyokula, uweze kujiendesha.
Nilimwomba mwenye mtambo achomeke plagi ya kuingia kwenye soketi ya kutoka. Akasema waya haufiki. Nilikuwa na ekstensheni kwenye begi.