Mkiwa Boston, zungukeni nyuma ya mnara

Wenye watoto huko Massachusetts, ukiwaambia wanao "twendeni tukasome historia" watanuna. Waambie mnasaka hazina. Jiokashi, ule mchezo wa kutafuta vitu kwa kufuata GPS ya simu, unafaa sana kwenye Njia ya Urithi wa Weusi, njia ya kutembea kwa miguu kupitia maeneo ya historia ya Weusi mtaani Beacon Hill. Ni kama kilomita 2.5 tu, japo vilima vyake vitawatoa jasho.

Chagua vituo visivyo na kasha lililofichwa: unafika, unasoma bango, unajibu swali. Kama hakuna kinachokufaa, andika maswali yako mwenyewe na kila kituo ukipe alama yake kwenye ramani ya simu.

Anzieni kwenye mnara wa kumbukumbu wa Kikosi cha 54, kikosi cha askari weusi katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, mkabala na jengo la serikali ya jimbo. Wengi hupiga picha mbele na kuondoka. Zungukeni nyuma. Mnara ulipozinduliwa 1897, majina yaliyochongwa yalikuwa ya maofisa weupe. Ya askari weusi waliokufa yaliongezwa miaka ya 1980. Swali: tafuta jina la askari mmoja, ulinakili.

Kisha Phillips Street namba 66, kwa Lewis na Harriet Hayden, waliowaficha waliotoroka utumwa, wakiwemo William na Ellen Craft. Hapo ni nyumba ya mtu, kwa hiyo tazameni mkiwa barabarani, msigonge mlango wala kupekua maua ya watu. Malizieni African Meeting House, jengo la kanisa la Weusi la 1806. Hiyo ni makumbusho, mnaingia ndani.